Shaghalabaghala ya Waskoti: Ladha ya Maneno ya Lahaja

Karibu na mji wa Kikuyu, kaunti ya Kiambu, pana mahali paitwapo Thogoto. Si jina la mto wala la ukoo. Wamisionari wa Kanisa la Uskoti walipohamia huko kutoka Kibwezi mwaka wa 1898, wenyeji walilisikia jina la watu hao wakalipitisha katika kinu cha Kikikuyu: s ikawa th, konsonanti zilizosongamana zikatenganishwa kwa irabu, neno likafungwa kwa irabu nyingine, na k, kwa kuwa ilifuatwa na t, ikalainika ikawa g. Mwanafunzi wa fonolojia ataitambua hapo sheria ya Dahl ikifanya kazi yake bila ya kuombwa ruhusa. Mskoti akawa Thogoto, na hadi leo jina hilo limesimama.

Waskoti hao walijenga kanisa, shule na hospitali. Lugha ya Kizungu iliyoingia darasani ilikuwa Kiingereza. Kiskoti, kile cha jikoni na cha zizini huko kwao, hakikupata nafasi katika silabasi yoyote. Hivyo Wakenya wakalirithi jina la Waskoti bila ya kuonjeshwa maneno yao. Hiyo ni hasara, kwa sababu ni lugha chache za Ulaya zilizo na maneno matamu ulimini kama hayo.

Inafaa kubainisha mapema kwamba Kiskoti si Kigaeli. Kigaeli ni lugha ya Kikelti, nayo ina makao yake katika milima na visiwa vya magharibi. Kiskoti kimetokana na Kiingereza cha Kale cha upande wa kaskazini, na kwa hiyo ni ndugu wa Kiingereza cha leo wala si mtoto wake. Katika sensa ya 2011, na tena katika ile ya 2022, watu zaidi ya milioni 1.5 walisema kwamba wanakizungumza. Huu ni umati unaozidi wasemaji wa lahaja nyingi za Kiswahili zikiunganishwa pamoja.

Tuseme basi mgeni ameshuka Edinburgh mwezi wa Novemba. Mbingu zimeinama, baridi ina unyevunyevu, mvua hainyeshi wala haikomi, na saa tisa alasiri taa za barabarani zinawaka. Mwenyeji atatazama dirishani na kutamka neno moja tu: “dreich”. Neno hili liandikwavyo humpotosha msomaji. Herufi zake mbili za mwisho hutamkwa kama kh ya mswalihina wa Lamu asemapo “kheri”. Mwingereza wa kusini humshinda. Hulimaliza kwa k kavu, kama vile “loch”, yaani ziwa, anavyoligeuza likawa “lok”. Mzee wa Mombasa anayesema “sabalkheri” kila asubuhi hatahitaji somo. Na ile kh ndiyo yenye kubeba maana yote: ni sauti ya koo linalojisafisha kwa kuchoshwa na hali ya hewa. Neno hili likitafsiriwa kwa “mawingu na manyunyu” huwa limekufa mikononi mwa mfasiri.

Mvua yao ina ngazi zake. “Smirr” ni rasharasha nyembamba mno, inayoonekana zaidi ya inavyosikika. “Haar” ni ukungu baridi utambaao kutoka Bahari ya Kaskazini na kuumeza mwambao wa mashariki hata siku ya jua. Aliyenyeshewa barabara huwa “drookit”, na hapa Kiswahili hakina haja ya kuona haya, kwani kulowa chapachapa kuna ladha ileile. Mwaka wa 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, katika kuandaa thesauri ya kihistoria ya Kiskoti, walitangaza kwamba wamekusanya maneno 421 yahusuyo theluji. Mwanaisimu atauliza upesi ni kitu gani kilichohesabiwa kuwa neno, kwa kuwa viambatani vimo tele, na atakuwa na haki ya kuuliza. Hata hivyo, hata akikata nusu ya orodha hiyo, atabaki na “feefle”, kitendo cha theluji kuzungukazunguka hewani. “Flindrikin”, theluji kidogo ipitayo mara moja. Na “unbrak”, mwanzo wa kuyeyuka kwake. Watu wasiofaidika na jambo hawalipi majina mengi hivyo. Wanaoudhiwa nalo kila mwaka ndio wafanyao hivyo.

Wasomi wa Kiswahili wamezoea kuziweka tanakali za sauti katika sura yao pekee ya sarufi, kana kwamba ni watoto wakorofi wasiokaa na wageni. Kiskoti huonyesha kwamba tabia ya tanakali yaweza kuenea lugha nzima, ikaingia katika nomino, vivumishi na vitenzi. “Hurkle-durkle” ni kulala au kujinyoosha kitandani baada ya saa ya kuamka kupita, na mwenye kulitamka huusikia mwili wake ukijikunja chini ya blanketi. “Peelie-wally” ni mtu aliyeparara, mwenye sura ya mgonjwa. “Tapsalteerie” ni shaghalabaghala, na ni nadra kukuta lugha mbili zisizo na undugu zikikubaliana hivi kwamba vurugu lazima iwe na silabi nyingi zinazopandana. “Stramash” ni purukushani, na mtangazaji wa televisheni Arthur Montford alilipa umaarufu kwa kulitumia wachezaji waliporundikana mbele ya lango. Katika kutangaza soka, neno purukushani lingefanya kazi hiyohiyo kwa ufasaha, kama watangazaji wangeliruhusu.

Hali kadhalika kuna maneno ambayo humfanya mtu atambue jambo alilolijua maisha yake yote bila ya kulipa jina. “Tartle” ni kule kusitasita mbele ya mtu ambaye sura yake inajulikana lakini jina lake limetoroka. Kila mhadhiri anayepishana na wanafunzi wake wa zamani mjini hutenda tendo hili, ila kwa Kiswahili hulitenda kimyakimya. “Curglaff” ni ule mshtuko wa mwili unapotumbukia katika maji baridi. Likitajwa katika bweni la chuo siku ambayo maji moto yamekatika, halitahitaji fasili. “Oxter” ni kwapa. “Glaikit” ni zuzu mwenye kinywa wazi, “crabbit” ni mwenye kununa, na “scunner” ni kinyaa kilichochanganyika na kuchoka. Mtu aendaye dukani husema anakwenda kuleta “messages”, neno ambalo kwa Mwingereza ni ujumbe tu. Lakini mtoto wa Kenya aliyetumwa dukani na mamake ataelewa mara moja jinsi kutumwa kulivyogeuka kuwa sukari na chumvi. Na mfanyakazi aliye karibu kupoteza kazi huambiwa kuwa koti lake limetundikwa kwenye kigingi “shoogly”, yaani chenye kulegea na kutikisika ukutani.

Methali nazo zina vituko vyao. Waskoti wengi husema “many a mickle maks a muckle” kwa maana ya haba na haba hujaza kibaba. Ila “mickle” na “muckle” ni maumbo mawili ya neno lilelile moja, na yote mawili humaanisha kingi au kikubwa. Methali ya asili ilianza na kidogo. Vinywa vya watu vikapenda mwangwi wa m na k kuliko maana, vikaibadilisha. Ikichukuliwa neno kwa neno, sasa inasema kwamba vingi vingi hufanya vingi. Hakuna anayejali. Sauti imeshinda mantiki, na huenda wahenga wa pande zote za dunia walijua kwamba mara nyingi ndivyo iwavyo.

Kiskoti nacho kina lahaja zake, na hapo ndipo raha huzidi. Huko kaskazini mashariki, Aberdeen na vijiji vyake, husemwa Kidoriki. Mvulana ni “loon”, msichana ni “quine”, kumbatio ni “bosie”. Maneno ya kuuliza ambayo Kiingereza huyaanza kwa wh, Kidoriki huyaanza kwa f: nini ni “fit”, nani ni “fa”, wapi ni “far”, lini ni “fan”. Kwa kuwa “fit” pia ni mguu, na tena ni kuenea kwa kiatu, kuna mzaha mashuhuri wa mnunuzi wa viatu anayeuliza ni kiatu kipi kinaenea mguu upi: “Fit fit fits fit fit?” Aliyekua akisema kwamba watu wa liwali hula wali wa liwali ataupokea mzaha huo kama ndugu. Salamu zao nazo ni za aina yake. Mtu huulizwa, “Foo's yer doos?”, njiwa wako hawajambo? Naye, hata kama hajapata kufuga njiwa, hujibu, “Aye peckin”, bado wanadonoa.

Msikilizaji wa kusini hucheka asikiapo f hiyo, akadhani ni ulimi uliopotoka. Mwanafunzi wa lahaja za Kiswahili hapaswi kucheka hivyo. Yeye anajua kwamba Kimvita na Kiamu husema “mato” pale Kiunguja kisemapo macho, “kuteka” pale kisemapo kucheka, “tini” pale kisemapo chini. Na kwamba jambo linalojirudia kwa utaratibu namna hiyo ni kanuni, wala si kosa. Lakini kujua si kutenda. Kijana wa Lamu afikapo chuo kikuu akasema mato yanamuuma, darasa hucheka, na wanaocheka kwa sauti kubwa huwa wamefanya mtihani wa isimu wiki iliyotangulia.

Kicheko hiki kina historia ndefu Uskoti. Katika karne ya 15 na ya 16 Kiskoti kilikuwa lugha ya wafalme, sheria na mashairi. Mwaka wa 1603 mfalme James wa Sita alihamia London kurithi kiti cha Uingereza, na mwaka wa 1707 bunge likamfuata. Baada ya hapo waungwana wa Edinburgh walianza kuona haya. Mwaka wa 1786 Robert Burns, mkulima wa Ayrshire, alichapisha huko Kilmarnock diwani iliyokitangaza Kiskoti duniani. Mwaka uliofuata James Beattie, profesa wa falsafa huko Aberdeen, alichapisha orodha ya maneno na misemo ya Kiskoti, ikiwa imepangwa kialfabeti ili msomaji mwenye adabu ajiepushe nayo. Ajabu ni kwamba Beattie huyohuyo, mwaka wa 1768, alikuwa ametunga shairi kwa Kiskoti, na kulitunga vizuri. Hakuwa adui wa lugha ile. Alikuwa mtu anayeifurahia nyumbani na kuifunika wageni waingiapo, na watu wa aina hiyo ndio waliokidhuru Kiskoti kuliko Waingereza wote.

Darasani dawa ilikuwa kali zaidi. Wazee wengi wa Uskoti hukumbuka kukaripiwa, na hata kuchapwa kwa ule mkanda wa ngozi uitwao “tawse”, kwa kumjibu mwalimu kwa neno la nyumbani. Mkanda huo ulipigwa marufuku katika shule za umma mwaka wa 1987. Hapana haja ya kuwaeleza Wakenya zaidi. Kibao cha aibu alichovishwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mamake kimeelezwa na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o katika kitabu chake cha 1986 kuhusu ukoloni wa akili, na walioishika “monto” mikononi wangali hai, baadhi yao wakiwa walimu.

Aliyeanza kuyafuta machozi hayo alikuwa kasisi. John Jamieson, aliyehudumu katika mji mdogo wa Forfar, aliamini kama wenzake kwamba Kiskoti ni Kiingereza kilichoharibika. Kisha akatembelewa na msomi wa Iceland, Grímur Thorkelin, ambaye alimwambia kwamba katika vijiji vya pande zile amesikia maneno ambayo kwao Iceland yangali yakisemwa, na kwamba hayo hayakutoka kwa Waingereza. Mgeni ndiye aliyemwonyesha mwenye nyumba hazina iliyokuwa chini ya kitanda chake. Jamieson akaanza kuokota maneno. Kamusi yake ilitoka mwaka wa 1808 katika majuzuu mawili, na “hurkle-durkle” limo ndani yake, limelala humo kwa zaidi ya karne mbili kama maana yake ipasavyo, hadi vijana wa mitandao ya kijamii walipoliamsha katika miaka hii ya 2020.

Na maneno yaliyolala katika kamusi huweza kuzaa. Katika miaka ya 1920 mwandishi wa habari wa Montrose, Christopher Murray Grieve, alikuwa miongoni mwa waliokebehi juhudi za kukifufua Kiskoti. Kisha akakikuta kitabu cha Sir James Wilson, kilichochapishwa mwaka wa 1915, juu ya usemi wa bonde la Strathearn. Humo mlikuwa na “watergaw”, upinde wa mvua usiokamilika, kipande tu kichunguliacho baina ya mawingu. Na “yow-trummle”, kutetemeka kwa kondoo, yaani ile baridi irudiayo ghafla majira ya kiangazi wakati kondoo wamekwisha kukatwa manyoya. Kutokana na kurasa chache za kitabu hicho lilizaliwa mwaka wa 1922 shairi “The Watergaw”, nalo likatiwa jina la kupanga ambalo lingedumu: Hugh MacDiarmid. Mwenye kebehi aligeuka akawa mshairi mkuu wa Kiskoti wa karne ya 20. Walikuwako waliomlaumu kwamba lugha yake ni ya kuundwa, haisemwi na mtu yeyote katika kijiji chochote.

Wapenzi wa Kiswahili wamewahi kuisikia lawama hiyo ikimwangukia Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 2017. Naye aliingia katika ghala la lahaja za kaskazini akatoka na malighafi ya istilahi. “Runinga” aliiunda kwa rununu na maninga, na maninga ni macho katika usemi wa huko. Wapo waliocheka. Leo mtoto wa Kenya huiandika runinga katika insha yake bila ya kujua kwamba ndani ya neno hilo pana macho ya watu wa Lamu yakimtazama. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, lahaja nyingine zilibaki nje ya mlango. Nabhany alipitia dirishani.

Ni kweli kwamba furaha ina hatari zake. Katika maduka ya watalii ya Edinburgh maneno haya huuzwa yakiwa yamechapishwa juu ya vikombe na taulo za jikoni. “Dreich” huwa mzaha wa shilingi kadhaa, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba lugha nzima ni mkusanyiko wa vichekesho. Neno lililozoea kuchekwa kwenye kikombe hupata tabu kuaminiwa mahakamani. Mwaka wa 2020 jambo hili lilijitokeza kwa namna ya kusikitisha, ilipogunduliwa kwamba makala zaidi ya 20,000 za Wikipedia ya Kiskoti ziliandikwa na kijana mmoja Mmarekani asiyekijua Kiskoti. Alikuwa ameanza akiwa na umri wa miaka 12. Alichukua Kiingereza, akakipotoa tahajia, akakinyunyizia maneno aliyoyapata kwenye kamusi. Ulimwengu ulimshambulia bila huruma, ilhali alidhani anasaidia. Lawama kubwa yastahili kuelekezwa kwingine: kwa miaka yote hiyo, miongoni mwa watu milioni moja na nusu, hawakupatikana wa kutosha waliokiona Kiskoti kuwa lugha ya kuandikia jambo zito, hata wakamsahihisha mtoto. Walikuwa wamefundishwa kwamba ni lugha ya kuchekea.

Mwezi wa Juni 2025 bunge la Uskoti lilipitisha Sheria ya Lugha za Uskoti, iliyovipa Kigaeli na Kiskoti hadhi rasmi, na sehemu hiyo ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, sikukuu ya Mtakatifu Andrew. Beattie angeona haya; Jamieson pengine angeuliza kama tahajia imekubaliwa. Mtoto wa Aberdeen akiulizwa darasani hali ya hewa ikoje, sasa ana ruhusa ya kutazama dirishani na kujibu kwa neno moja tu. Na mwalimu, ikiwa amehamia huko kutoka kusini, hana budi kulirudia baada yake, taratibu, huku darasa likisubiri kuona kama ile kh itamtoka.